Duara la milimita 18 kwenye agari lina maana gani?

Swali: "Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe, na mradi wangu unahusu magome ya mjafari, ambayo bibi yangu kule Handeni huyachemsha kwa ajili ya kikohozi na pia huyatafuna jino linapomsumbua. Niliyakausha na kuyasaga, sehemu moja nikailoweka kwenye methanoli, na nyingine, gramu 50 kwa nusu lita ya maji, nikaichemsha kama afanyavyo bibi, nikaichuja na kuitumia vilevile ilivyo. Dondoo la methanoli niliyeyusha miligramu 100 kwa mililita katika dimethili salfoksidi, nikatia mikrolita 100 katika tundu la agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria, likatoa duara tupu, lisiloota bakteria, la milimita 18 dhidi ya Staphylococcus aureus, wakati kisahani cha karatasi chenye antibiotiki ya jentamaisini kilitoa milimita 22. Dhidi ya Escherichia coli dondoo hilo halikufanya kitu, na maji ya bibi hayakutoa duara kwa bakteria yeyote. Je, naweza kuandika kwamba mjafari unakaribia nguvu ya jentamaisini? Na je, matokeo ya maji yana maana kwamba dawa ya bibi haifanyi kazi?"

Marahaba. Umeuliza mambo mawili, na yote mawili jibu lake fupi ni hapana: huwezi kuandika kwamba mjafari unakaribia jentamaisini, wala huwezi kuandika kwamba dawa ya bibi haifanyi kazi. Hapana hizo mbili, hata hivyo, hazina sababu moja, na mtahini mwenye macho atakubana hasa pale zinapotofautiana, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tuanze na hesabu. Kisahani cha jentamaisini cha kawaida hubeba mikrogramu 10 za dawa. Wewe ulitia mikrolita 100 za dondoo lenye miligramu 100 kwa mililita, maana yake ndani ya tundu ziliingia miligramu 10, yaani mikrogramu 10,000. Uliipambanisha dawa na kitu kilichoizidi uzito mara 1,000, na bado dawa ikatoa duara pana zaidi. Hesabu hii haimo katika ripoti nyingi za mimea ya dawa ninazozisoma, na sidhani kwamba waandishi wake wana nia mbaya. Miligramu zimeandikwa kwenye ukurasa wa mbinu, milimita ziko kwenye jedwali la matokeo, na hakuna anayekaa chini kuzikutanisha.

Lakini hata kama ungesawazisha uzito, kikwazo kikubwa zaidi kingebaki palepale, kwa sababu upana wa duara si kipimo cha nguvu. Duara ni matokeo ya mbio. Usiku ule sahani inapokaa kwenye inkubeta, kiambata kinasambaa kutoka kwenye tundu kuelekea nje, kikipungua ukali kadiri kinavyokwenda mbali, na wakati huohuo bakteria wanazaliana. Ukingo wa duara ni mahali ambapo bakteria walikwisha kuwa wengi kabla kiambata hakijafika kwa kiasi cha kuwazuia. Kwa hiyo milimita zako zimechanganya mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani ukali wa kiambata na wepesi wake wa kusafiri. Agari karibu yote ni maji, na jentamaisini hupenda maji, kwa hiyo hutembea ndani yake bila shida. Viambata vingi vya magome ya miti, kwa mfano triterpeni na vitu vyote vyenye asili ya mafuta, hukaa karibu na tundu kama mgeni aliyekataa kuingia ndani, na vinaweza kutoa duara dogo au kutotoa kabisa ilhali vikikutana na bakteria uso kwa uso ni vikali. Kinyume chake nacho hutokea: kiambata dhaifu lakini chepesi wa kusambaa hutoa duara la kupendeza.

Huenda ukaniuliza mbona basi hospitali hutumia visahani hivyohivyo kila siku kuamua mgonjwa apewe dawa gani. Hutumia, na huamua vizuri, kwa sababu njia hiyo, ambayo Bauer, Kirby na wenzao waliiweka katika utaratibu mmoja mwaka 1966, inasimama juu ya majedwali yaliyotayarishwa kwa kila dawa peke yake: bakteria wengi walipimwa kwa visahani na pia kwa kipimo cha kiwango, yaani cha kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachowazuia, kisha ikajulikana kwamba kwa dawa hii, kwenye agari ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4 na idadi hii ya bakteria, milimita fulani zina maana fulani. Ndiyo maana hata daktari halinganishi duara la jentamaisini na duara la dawa nyingine ili kujua ipi ina nguvu zaidi. Kila moja husomwa katika jedwali lake. Mjafari hauna jedwali. Milimita zako 18 zinasema jambo moja tu, ambalo si dogo: kwenye dondoo lile kuna kitu kinachozuia Staphylococcus aureus kukua, na kinaweza kusafiri kwenye agari.

Na hata hilo lina sharti. Katika maelezo yako sikuona tundu lililotiwa dimethili salfoksidi peke yake. Kiyeyusho hicho kikiwa hakijachanganywa na kitu, mikrolita 100 zake zinaweza kusumbua bakteria, na bila tundu hilo la kulinganishia huwezi kujua ni milimita ngapi za duara ni za mti na ngapi ni za kiyeyusho. Nakuonya kama mtu aliyeungua. Nilipokuwa kijana maabarani nilishangilia duara la milimita 14 la dondoo la majani fulani kwa wiki nzima, nikalionyesha kwa kila aliyepita, mpaka fundi mmoja mzee wa maabara alipoinusa chupa yangu na kuniuliza kwa upole kama nilikuwa nimeipima methanoli iliyobaki ndani yake. Methanoli haikuwa imekwisha kutoka. Nilipoikausha vizuri, duara lilibaki kama ukucha. Tangu hapo hukausha dondoo kwa kivukizo chenye mzunguko, maji yake yasizidi nyuzi 40, kisha nikaliacha kwenye hewa inayopita mpaka uzito wake usipungue tena kwa vipimo viwili vinavyofuatana.

Kwa upande wa jentamaisini ulifanya vizuri kuliko unavyodhani, ikiwa bakteria wako ni wa ukoo unaojulikana. Kwa Staphylococcus aureus ATCC 25923 (ATCC ni hazina ya Marekani ya bakteria wa kulinganishia) kisahani cha mikrogramu 10 kinatarajiwa kutoa kati ya milimita 19 na 27, na kwa Escherichia coli ATCC 25922 kati ya 19 na 26. Milimita zako 22 zimo ndani ya mipaka hiyo, na hapo ndipo thamani ya kisahani ilipo: kinathibitisha kwamba agari, idadi ya bakteria na joto vilikuwa sawa. Kukifanya mpinzani wa mjafari ni kukipa kazi isiyo yake.

Kuhusu Escherichia coli usihuzunike, wala usiyafiche matokeo hayo. Bakteria wa kundi lake wana utando wa ziada nje ya ukuta wa seli, ambao huzuia molekuli nyingi zisipite, na ndani yake wana pampu zinazotema nje kile kilichofanikiwa kuingia. Dondoo la mti linaloshinda Staphylococcus aureus na kushindwa na Escherichia coli ndilo jambo la kawaida, na lingekuwa la ajabu kama yote mawili yangetoka sawa. Katika miti ya jenasi ya Zanthoxylum, ambayo mjafari ni mmojawapo, kuna alkaloidi za rangi ya manjano kama vile kelerithrini, ambazo huelekea zaidi kwenye bakteria wasio na utando ule wa nje. Ukiona dondoo lako limeipaka agari rangi ya manjano kuzunguka tundu, umekwisha kupata fununu. Swali langu kwako ni lingine: kwa nini ulimchagua Escherichia coli? Makao yake ni utumbo, na anasababisha maradhi ya kuhara na ya njia ya mkojo. Bibi anatumia magome kwa kikohozi na jino. Kwa jino ungemtafuta Streptococcus mutans, na pengine fangasi Candida albicans kwa sababu ya vidonda vya kinywa. Kwa kikohozi, Streptococcus pneumoniae, ikiwa maabara yenu ina agari ya damu, inkubeta yenye hewa ya ukaa na ulinzi unaostahili. Kimelea huchaguliwa kwa kufuata matumizi ya dawa, wala si kwa kufuata kilichopo kwenye friji ya maabara, ingawa najua, kwa sababu nami nimefundisha, kwamba friji ndiyo inayoamua mara nyingi.

Sasa maji. Tukadirie, kwa mfano tu, kwamba kila gramu 100 za magome makavu zinatoa gramu 8 za vitu vinavyoyeyuka kwenye maji ya moto. Gramu zako 50 zingetoa gramu 4 katika nusu lita, yaani miligramu 8 kwa mililita, na katika mikrolita 100 kungekuwa na miligramu 0.8. Kwenye tundu la jirani uliweka miligramu 10 za dondoo la methanoli. Maji yaliingia uwanjani na karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito wa mwenzake, kisha yakahukumiwa kwa kipimo kilekile. Kama ungepunguza dondoo la methanoli lifikie miligramu 8 kwa mililita, sitashangaa nalo likikosa duara. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukausha maji hayo, bora kwa kuyagandisha na kuyavukiza katika hali ya ombwe, kuyapima uzito na kuyarudisha katika kiwango kinachojulikana.

Baada ya hapo huenda bado maji yakawa dhaifu kuliko methanoli, na sababu zake zinaeleweka. Methanoli huvuta mchanganyiko mpana wa viambata, vya maji na vya mafuta, wakati maji yanabeba pia sukari, wanga na chumvi ambazo huongeza uzito bila kuongeza ukali. Mfano wa jambo hili ninaoupenda ni wa Mchina, Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria. Madondoo ya pakanga ya Kichina yalikuwa yakitoa matokeo ya kuyumba, mpaka aliporudi kwenye andiko la Ge Hong la karne ya 4, linaloelekeza kuloweka konzi ya mmea kwenye maji na kuukamua, bila kutaja kuchemsha; mwaka 1971 akatumia etha kwa joto la chini, na dondoo likafanya kazi dhidi ya malaria katika panya. Alichokifanya kwanza ni kusoma kwa makini jinsi dawa ilivyotayarishwa. Rudi kwa bibi ukamuulize: anatumia magome ya shina au ya mizizi, mabichi au makavu, anafunika sufuria au haifuniki, anachemsha kwa muda gani, anachanganya na nini, na jino anapotafuna anameza au anatema. "Kama afanyavyo bibi" ni sentensi ambayo katika sura ya mbinu inahitaji aya nzima.

Kulinganisha maji na methanoli kwa haki kuna njia nyepesi iliyopendekezwa na Jacobus Eloff wa Chuo Kikuu cha Pretoria, na inashangaza kwamba haitumiki zaidi. Unachukua miligramu za dondoo ulizopata kutoka gramu moja ya magome, unazigawa kwa kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria, na jibu linakuja katika mililita: ndicho kiasi cha maji ambacho dondoo la gramu moja ya magome linaweza kuchanganywa nacho na bado likazuia. Tuseme methanoli imetoa miligramu 60 kwa gramu, na kiwango chake cha kuzuia ni miligramu 0.125 kwa mililita. Jibu ni mililita 480. Maji yametoa miligramu 80, na kiwango chake ni miligramu 0.5, jibu ni mililita 160. Hapo ungeweza kuandika kwamba maji yalitoa theluthi moja ya uwezo uliotolewa na methanoli, na theluthi si sifuri, ingawa kwenye agari ingeonekana sifuri.

Namba hizo zote zinategemea kiwango cha kuzuia, ambacho maabarani huitwa kwa herufi MIC, na hicho ndicho kipimo ambacho mradi wako unakikosa. Eloff huyohuyo alichapisha mwaka 1998 njia ya kukipima kwa dondoo za mimea katika sahani ya vishimo 96, na vifaa vyake si vya anasa. Andaa dondoo lenye miligramu 40 kwa mililita katika dimethili salfoksidi, kisha lichanganye na mchuzi wa Mueller-Hinton, yaani chakula cha majimaji cha bakteria, mara 20 upate miligramu 2 kwa mililita. Tia mikrolita 200 za mchanganyiko huo katika kishimo cha kwanza, na mikrolita 100 za mchuzi mtupu katika vinavyofuata. Hamisha mikrolita 100 kutoka cha kwanza kwenda cha pili, changanya, endelea hivyo hadi mwisho wa mstari, na zile za mwisho zimwage. Bakteria waandae kwa kuwalinganisha na kipimo sanifu cha ukungu kiitwacho McFarland 0.5, ambacho ni kama bakteria milioni 150 kwa mililita, uwapunguze mara 150 wawe kama milioni moja, na utie mikrolita 100 katika kila kishimo. Sasa kila kishimo kina takribani bakteria 500,000 kwa mililita, na dondoo limeanza na miligramu 1, likishuka nusu kwa nusu: 0.5, 0.25, 0.125, na kuendelea. Kiyeyusho katika kishimo kikali kuliko vyote ni asilimia 2.5, na lazima uwe na kishimo cha bakteria na asilimia 2.5 hiyo bila dondoo, ili uone kwamba wanakua kama kawaida.

Baada ya saa 18 hadi 24 katika nyuzi 35 hadi 37, macho yako hayatakusaidia sana, kwa sababu dondoo la magome lenyewe lina ukungu na rangi. Ndiyo maana huongezwa mikrolita 40 za rangi ya iodonitrotetrazoliamu, miligramu 0.2 kwa mililita. Bakteria hai huigeuza kuwa nyekundu baada ya nusu saa au zaidi kidogo, na kishimo cha mwisho kilichobaki bila wekundu ndicho kiwango chako. Kuna mtego hapa ambao umewaangusha wengi: polifenoli za miti zinaweza kuigeuza rangi hiyo zenyewe, pasipo bakteria hata mmoja. Weka mstari wa dondoo na mchuzi bila bakteria. Ukiona wekundu humo, usiamini rangi. Chukua mikrolita 10 kutoka kila kishimo, uzipande kwenye agari safi na uhesabu kesho yake. Upandaji huo utakupa pia jawabu la swali tofauti, yaani kama dondoo linaua au linazuia tu, kwa maana kuua katika vipimo hivi huhesabiwa pale ambapo asilimia 99.9 ya bakteria ulioanza nao wametoweka.

Rudia jaribio lote kwa siku tatu tofauti, kwa bakteria waliooteshwa upya kila mara. Matundu matatu katika sahani moja ni jaribio moja lililosomwa mara tatu.

Tuseme umepata namba. Utaisomaje? Ríos na Recio, katika makala yao ya mwaka 2005 ambayo watu wa fani hii huirejea sana, walishauri kwamba dondoo lisilozuia mpaka lizidi miligramu 1 kwa mililita lisipewe sifa, na kwamba linaloanza kuvutia ni lile linalozuia kwa chini ya mikrogramu 100. Mimi huufuata ushauri huo kwa ukali kuliko wenzangu wengine. Jentamaisini humzuia Escherichia coli ATCC 25922 kwa mikrogramu 0.25 hadi 1 kwa mililita. Ukiweka namba hiyo karibu na dondoo linalozuia kwa mikrogramu 250 utaona umbali uliopo, hata ukikumbuka, kama inavyopasa, kwamba dondoo ni mchanganyiko na kwamba kiambata chenye kazi kinaweza kuwa asilimia moja tu ya uzito wake. Na mchanganyiko una mambo yake. Mwaka 2000 kundi la Frank Stermitz na Kim Lewis huko Marekani lilionyesha kwamba mimea ya jenasi ya Berberis, yenye alkaloidi iitwayo berberini, hutengeneza pia kiambata kingine ambacho peke yake hakina ukali, lakini huziba pampu ambayo Staphylococcus aureus huitumia kuitema berberini. Ukizitenganisha sehemu za dondoo na ukali ukapotea, usikimbilie kusema kwamba umekosea. Jaribu kuzirudisha pamoja.

Kabla ya kushangilia namba ndogo, uliza kama kinachowaua bakteria hakiui kila kitu. Tanini, ambazo magome ya miti yetu mingi yamejaa, hushika protini za aina yoyote, na zinaweza kukupa matokeo mazuri ya uongo. Unaziondoa kwa polivinilipirolidoni na kupima upya. Kelerithrini nayo si kitu cha mchezo, kwani inadhuru pia seli za binadamu. Kipimo cha bei nafuu cha kuanzia ni cha vifaranga wa uduvi wa maji ya chumvi, Artemia salina, ambacho kinawezekana hata katika maabara ya chuo kidogo. Baada yake hufuata seli zilizooteshwa, kwa mfano seli za Vero zitokanazo na figo ya tumbili, ukagawa kiwango kinachodhuru seli kwa kiwango kinachozuia bakteria. Jibu likiwa karibu na moja, umepata sumu, hujapata dawa.

Kuna jambo ambalo hukulitaja, na mtahini wa mimea ataanza nalo: huo ni mjafari gani? Jina hilo hutumika kwa zaidi ya mti mmoja wenye miiba ya vinundu kwenye shina na majani yanayonukia jamii ya ndimu. Zanthoxylum chalybeum ndio unaotajwa zaidi, lakini pwani ipo mingine ya jenasi hiyohiyo. Kata tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo, libane kwenye magazeti likauke, liandikie mahali, tarehe na jina la kienyeji, kisha litambuliwe katika hazina ya mimea, iwe ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya Taifa kule Arusha, au ile ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, na namba yake iingie katika ripoti. Bila namba hiyo hakuna atakayeweza kurudia kazi yako, na hata wewe mwenyewe mwaka kesho hutajua ulipima nini. Ukirudi shambani, chukua pia majani uyapime sambamba, maana mti unaochunwa magome kuuzunguka wote hukauka.

Hata ukipata namba nzuri, usivuke kutoka kwenye kishimo hadi kwenye mwili wa mgonjwa kwa hatua moja. Fikiria kikombe cha bibi chenye miligramu 200 za dondoo. Mtu mzima ana damu ya kama lita 5. Hata kama kila chembe ingefyonzwa tumboni, ini lisiguse kitu na chochote kisitoke kwenye damu, mambo ambayo hayawezekani, damu ingekuwa na mikrogramu 40 kwa mililita, na dondoo linalohitaji 250 lisingeweza kufanya huko lilichofanya kwenye sahani. Mdomoni hali ni tofauti. Anayetafuna gome hukutanisha jino na viambata moja kwa moja, bila safari ya damu, kwa ukali ambao huenda ukafika ule wa vishimo vyako. Tena miti ya jenasi hii ina amidi zinazofanya ulimi na ufizi kufa ganzi. Mmoja wa Marekani Kaskazini, Zanthoxylum clava-herculis, kwa sababu hiyo huitwa huko mti wa maumivu ya jino. Inawezekana kabisa kwamba bibi hupata nafuu ya kweli pasipo bakteria hata mmoja kufa, na kipimo chako, hata kikifanywa kwa ufundi wote, hakikuundwa kuliona hilo. Ndiyo sababu ya hapana yangu ya pili.

Kwa sasa, ikiwa muda wa kufanya kipimo cha kiwango umekwisha, andika hivi: kwamba dondoo la methanoli la magome ya mjafari, kwa miligramu 10 kwa tundu, lilizuia ukuaji wa Staphylococcus aureus kwa duara la milimita 18, kwamba kwa kiasi hicho halikumzuia Escherichia coli, kwamba maji yaliyochemshwa yalipimwa bila kujulikana kiwango chake, kwa hiyo kukosa kwake duara hakutafsiriki, na kwamba jentamaisini ilitumika kuthibitisha ubora wa jaribio. Ukiweza kurudi maabarani kwa siku moja, fanya tundu la kiyeyusho peke yake kwanza. Dondoo lililobaki lihifadhi likiwa kavu, kwenye chupa nyeusi na mahali pa baridi kali, kwa sababu alkaloidi nyingi haziupendi mwanga.

Na bibi, kabla hujamuuliza habari za sufuria, muulize kikohozi hicho kimeanza lini. Kikiwa kimefikia wiki mbili, mpeleke kituo cha afya apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na jino likiwa limevimbisha shavu au kumletea homa, aonwe na daktari wa meno wiki hiihii.